Kubofya Mara Mbili Kwenye Skripti: Mapitio ya Programu za Kusimamia Mafaili kwa Kompyuta za Steshenari

Kompyuta ya steshenari haina mtumiaji mmoja. Iwe ni duka la Kilombero, la Ngarenaro au la kando ya barabara ya Njiro hapa Arusha, flashi za watu wasiojuana huchomekwa kwenye mashine ileile tangu asubuhi hadi jioni, na kila flashi huja na mafaili ambayo mhudumu hakuyaandika wala hajui yalikotoka. Ndiyo maana naamini kwamba sehemu ya kompyuta hiyo inayostahili kuchunguzwa mapema kuliko nyingine ni programu ya kusimamia mafaili, yaani dirisha linaloonyesha folda na vilivyomo ndani yake. Katika dirisha hilo nimelitazama jambo moja: nini hutokea mhudumu anapobofya mara mbili faili ambalo ni skripti.

Skripti ni faili la maandishi ya kawaida lililojaa amri. Mtu anaweza kulifungua akalisoma, na kompyuta inaweza kulichukua ikatekeleza amri zake mstari kwa mstari. Kitendo ni kilekile, mibofyo miwili ya haraka ya kipanya, lakini matokeo mawili hayo yametengana mno, na waandishi wa programu mbalimbali hawajakubaliana hata leo ni lipi kati yake lipewe nafasi ya kwanza. Mimi nahudumia kompyuta za maduka kadhaa hapa Arusha, na tangu Microsoft wasitishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maduka mengi ambayo mashine zake hazitimizi masharti ya Windows 11 yamehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Hapo ndipo swali hili lilipoacha kuwa la wataalamu peke yao.

Nimepima kila programu kwa mambo matatu yaliyomo katika kazi ya kila siku. La kwanza ni skripti yenye msaada, punguza-pdf.sh, inayotumia Ghostscript kupunguza ukubwa wa vyeti vilivyoskaniwa ili vipokelewe kwenye mifumo ya maombi ya kazi na ya mikopo ya wanafunzi. La pili ni skripti yenye hatari, futa-za-wateja.sh, inayofuta kila jioni nakala za vitambulisho na vyeti ambazo wateja wameziacha, jambo ambalo kila duka linapaswa kulichukulia kwa uzito tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023. La tatu ni chochote kinachokuja ndani ya flashi ya mteja. Programu nzuri ni ile inayorahisisha la kwanza, inayomzuia mtu kuliendesha la pili kwa bahati mbaya, na isiyolipa la tatu nafasi hata kidogo.

Nianze na Windows, maana ndiko wahudumu wengi walikotoka na ndiko mazoea yao yalikojengwa. Programu yake ya mafaili, Explorer, huamua kwa kuangalia kiendelezi cha jina, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Faili la .bat au la .vbs likibofywa mara mbili linaendeshwa papo hapo, na kwa kuwa Explorer huficha viendelezi inavyovijua usipoiambia vinginevyo, mhudumu anaweza asijue kabisa kwamba alichobofya kilikuwa skripti. Mwezi Mei 2000 dunia nzima ililiona hilo kwa kirusi kilichosambaa kwa barua pepe kikiwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, aliyefichiwa kiendelezi aliona .TXT akadhani ni maandishi tu. Microsoft walijifunza, kwa kiasi. Walipotoa PowerShell mwaka 2006, walichagua kwamba skripti zake za .ps1 zikibofywa zifunguke kwenye Notepad kwa kusomwa, na anayetaka kuziendesha aseme hivyo kwa makusudi. Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini .bat na .vbs zilibaki na tabia yake ya zamani.

Yapo maonyo ambayo Explorer hutoa kwa mafaili yaliyotoka intaneti. Hayo hutegemea alama ndogo iitwayo Zone.Identifier inayobandikwa kwenye faili wakati wa kulipakua, na alama hiyo hukaa tu kwenye diski zinazopanga mafaili kwa mfumo uitwao NTFS. Faili likinakiliwa kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, ambayo ndiyo mifumo ya karibu kila flashi inayouzwa madukani kwetu, alama inabaki nyuma na onyo linapotea. Kwa maneno mengine, kinga hiyo inakosekana mahali palepale ambapo steshenari inaihitaji. Kila mhudumu wa Arusha anavijua virusi vya flashi vinavyoficha folda za mteja na kuweka mahali pake njia za mkato za .lnk zenye picha ya folda; mteja anabofya akidhani anafungua folda yake ya picha, kumbe ameendesha skripti iliyofichwa pembeni.

Kwenye Linux msingi ni tofauti. Kiendelezi hakitoshi, faili linahitaji ruhusa ya kuendeshwa, ambayo hutolewa kwa amri ya chmod +x au kwa kuwasha alama yake kwenye sifa za faili, na kwa kawaida skripti huwa na mstari wa kwanza unaoanza na #! unaotaja programu itakayosoma amri zake, kwa mfano /bin/bash. Utaratibu wa mstari huo uliingizwa kwenye Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imeufuata, na Dennis Ritchie mwaka 1980 na bado unafanya kazi vilevile. Faili lililopakuliwa kwa kivinjari huja bila ruhusa ya kuendeshwa, kwa hiyo hata mtu akilibofya kwa nguvu zote halitaendeshwa mpaka yeye mwenyewe alipatie ruhusa. Zile njia za mkato za .lnk hazina nguvu huko, na folda ambazo kirusi kilizificha zinaonekana zote bila shida. Kwa duka linalopokea flashi, faida hii peke yake inatosha kulipa gharama ya kuhama.

Hata hivyo ruhusa hiyo ina pengo ambalo wasifiaji wa Linux hulitaja mara chache. FAT32 na exFAT hazina mahali pa kuihifadhi. Flashi inapochomekwa, Linux hulazimika kubuni ruhusa kwa kila faili lililomo, na kwenye flashi za exFAT na diski za NTFS matokeo ya kawaida ni kwamba mafaili yote yanaonekana kuwa na ruhusa ya kuendeshwa, hata orodha ya majina ya wanakwaya. Pengo hili ndilo linalotenganisha programu nzuri na mbaya katika mapitio haya.

Nemo, programu ya mafaili ya Linux Mint (moja ya aina za Linux) kwenye mazingira ya Cinnamon, yaani sura ya madirisha na menyu zake, ndiyo niliyoitumia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu Mint inafanana na Windows kiasi cha kutomshtua mhudumu. Nemo ilitengwa kutoka Nautilus mwaka 2012 na ikabaki na mambo mengi ambayo Nautilus yenyewe imeyaacha. Ukibofya mara mbili skripti yenye ruhusa, kinafunguka kidirisha kinachosema kwamba faili hilo ni la maandishi linaloweza kuendeshwa, kisha kinauliza kama unataka kuliendesha au kuonyesha yaliyomo. Vitufe ni vinne: kuendesha ndani ya terminali (dirisha la maandishi la amri), kuonyesha, kughairi na kuendesha. Kwa mtu anayejua anachofanya, swali hili limekamilika. Limetaja aina ya faili, limetaja njia zote, na limetenganisha kuendesha kimyakimya na kuendesha huku ukiona kinachotokea.

Shida yake niliiona dukani Ngarenaro, nikiwa nimesimama nyuma ya mhudumu nikimsubiri amalize foleni. Mzee mmoja alileta flashi yenye barua aliyoandikiwa na mwanawe, faili la .txt lisilo na amri hata moja, akitaka lichapwe. Mhudumu akabofya, kidirisha kikatokea. Akageuka: "Kaka, mbona inaniuliza kama niiendeshe? Hii si barua ya mzee?" Mzee naye akaingia wasiwasi, akasema: "Binti, humo mna barua ya mirathi tu, sijaweka kitu kingine." Flashi ilikuwa ya exFAT, hivyo kila faili lilionekana kuwa na ruhusa, na Nemo ikauliza swali zito juu ya kitu chepesi. Nilimweleza aonyeshe tu yaliyomo, barua ikachapwa, mzee akaondoka na karatasi yake.

Ninalipa tukio hilo uzito kwa sababu ya kinachofuata baada yake. Swali linaloulizwa pasipo na hatari humzoesha mtu kulijibu bila kulisoma. Mhudumu anayekutana na kidirisha kilekile kwa kila barua ya kila mteja atajenga mkono unaokwenda kwenye kitufe kabla macho hayajafika, na siku faili litakapokuwa skripti kweli mkono utakuwa umeshatangulia. Kinga ya Nemo inategemea usomaji wa mtu mwenye foleni mbele yake, na hiyo ni kinga dhaifu. Bahati nzuri Nemo inakuruhusu kubadili. Kwenye mapendeleo, sehemu ya tabia, kuna chaguo tatu kwa mafaili ya maandishi yanayoweza kuendeshwa: yaendeshwe yanapofunguliwa, yaonyeshwe, au iulizwe kila mara. Kwenye maduka yote ninayoyahudumia nimechagua yaonyeshwe, na baada ya hapo Nemo imekuwa programu ninayoipendekeza bila kusita.

Nautilus, ambayo siku hizi hujitambulisha kwa jina la Files, ni programu ya mazingira ya GNOME na ndiyo inayokuja na Ubuntu. Nayo zamani ilikuwa na chaguo hizohizo tatu. Katika matoleo ya karibuni chaguo hizo zimeondolewa, na uamuzi umefanywa kwa niaba ya mtumiaji: kubofya mara mbili kunafungua skripti kwenye kihariri cha maandishi, basi. Anayetaka kuiendesha anabofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua neno la kuendesha kama programu, nayo inafunguka ndani ya terminali. Kwenye Ubuntu 22.04 ndivyo ilivyo, na kama faili halina ruhusa, inabidi kwanza uwashe ruhusa hiyo kwenye sifa zake.

Uamuzi huu ulipokelewa kwa manung'uniko na watu waliozoea njia ya zamani, na nayaelewa. Mtu mwenye skripti zake mwenyewe kwenye kompyuta yake mwenyewe anahisi kunyang'anywa kitu. Lakini kwa kompyuta ya kaunta nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika mapitio haya. Kitendo kimoja kina maana moja. Kubofya mara mbili ni kufungua, na kuendesha kuna mahali pake penye jina lake. Hakuna kidirisha cha kuzoeleka, hakuna mpangilio ambao mtu mwingine anaweza kuugeuza wewe ukiwa umekwenda kula chakula cha mchana. Barua ya yule mzee ingefunguka bila swali. Skripti ya kufuta mafaili ya wateja ingefunguka isomwe, bila kufuta chochote. Na skripti ya mgeni ingelala kwenye skrini kama maandishi mengine yoyote.

Ieleweke pia kwamba ukali huu wa GNOME una historia. Kuna mafaili ya .desktop, ambayo ndiyo njia za mkato za Linux, na ndani yake kuna mstari wa jina na mstari wa amri. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2017-14604: Nautilus ya matoleo ya kabla ya 3.23.90 iliweza kudanganywa na faili la .desktop ambalo jina lake la kuonyeshwa liliishia na .pdf, hali mstari wake wa amri ulikuwa ukiendesha amri za shell, yaani za aina ileile inayojaza skripti. Ni udanganyifu uleule wa mwaka 2000, umevaa nguo za Linux. Waliorekebisha waliongeza sharti kwamba faili la namna hiyo lihesabiwe kuwa la kuaminika kwanza. Ninawaambia wenye maduka jambo hili kila wanaponiambia kwamba Linux haishikwi na virusi.

Dolphin, programu ya mazingira ya KDE, ni nzuri kwa sura na ina uwezo mwingi, lakini kwa jambo hili mahususi nina malalamiko mawili. Nayo huuliza: kidirisha chake kinakupa kuendesha, kufungua au kughairi. La kwanza, hakikupi terminali. Ukichagua kuendesha, skripti inakwenda kufanya kazi gizani. Ikifaulu huoni, ikishindwa huoni. Punguza-pdf.sh ilipokosa nafasi kwenye diski, mhudumu alisubiri faili ambalo halikuja, na hapakuwa na neno hata moja kwenye skrini la kumweleza sababu. La pili, kwenye kidirisha hichohicho kuna kisanduku cha kusema usiulizwe tena. Mhudumu aliyechoshwa na swali atakiwekea alama, na ikiwa mkono wake siku hiyo ulikuwa juu ya kuendesha, basi tangu hapo kila skripti itaendeshwa kwa kubofywa, bila swali na bila dirisha. Unaweza kurudisha hali ya awali kwenye mipangilio ya Dolphin, sehemu ya uthibitisho, ambako pia kuna chaguo la kuuliza daima. Ila ni lazima uwepo na ujue kwamba kuna kilichobadilika.

KDE nao walipata funzo lao. Agosti 2019 mtafiti wa usalama Dominik Penner alionyesha kwamba faili la .desktop au la .directory lililotengenezwa kwa hila liliweza kuendesha amri kwa mtu kufungua tu folda ambamo faili hilo limo, bila kubofya faili lenyewe. Kasoro hiyo, CVE-2019-14744, ilitokana na uwezo wa mfumo wa mipangilio ya KDE kutekeleza amri za shell zilizoandikwa ndani ya faili, na watengenezaji waliuondoa uwezo huo haraka. Windows ilikuwa na msiba unaofanana nao mwaka 2010, pale kirusi cha Stuxnet kilipotumia njia za mkato za .lnk zilizofanya kazi kwa Explorer kuonyesha picha zake tu. Katika visa vyote viwili kidirisha cha swali kisingesaidia kitu, kwa kuwa hakuna aliyebofya. Kilichobaki ni kusasisha programu kwa wakati, kazi ambayo maduka mengi huiahirisha kwa kuogopa kumaliza bando.

Thunar, programu ya mazingira ya Xfce, haichukui nafasi yangu kubwa. Ni nyepesi, inafaa mashine za mitumba zenye kumbukumbu ndogo, na tabia yake ya kawaida ni kufungua skripti isomwe. Kwa miaka mingi aliyetaka iendeshe alilazimika kuandika mpangilio uitwao misc-exec-shell-scripts-by-default kwa amri ya xfconf-query, na ugumu huo ulikuwa kinga, kwa kuwa hakuna mhudumu atakayeupitia kwa bahati mbaya.

PCManFM, inayotumika kwenye mazingira ya LXDE na kwenye Raspberry Pi OS, mfumo wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, inanivutia kwa sababu nyingine. Kidirisha chake ndicho kilichoandikwa vizuri kuliko vyote. Kinasema kwamba faili hili la maandishi linaonekana kuwa skripti inayoweza kuendeshwa, kisha kinauliza unataka kulifanyia nini, na majibu yake ni kuendesha, kuendesha ndani ya terminali, kufungua na kughairi. Neno "linaonekana" lina uaminifu ndani yake: programu inakiri kwamba imekisia. Kwa darasa la kompyuta, ambako mwanafunzi anajifunza skripti na anahitaji kuona njia zote zikiwa zimepangwa mbele yake, ningeichagua hii mbele ya Nautilus. Kwa kaunta, hapana, kwa sababu ileile niliyoieleza kwa Nemo.

Sasa niseme juu ya terminali, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Skripti ikiendeshwa ndani ya terminali, mara nyingi dirisha hujifunga lenyewe amri zinapokwisha, na kama kulikuwa na kosa linatoweka nalo. Dawa ni ndogo: mwishoni mwa skripti uongeze mstari wa read, ambao husubiri mtu abonyeze Enter. Dawa nyingine inahusu skripti zilizoandikwa au kuhaririwa kwa programu za Windows kisha zikaletwa kwa flashi. Mistari ya Windows huishia na alama ya ziada ambayo Linux huihesabu kuwa sehemu ya jina la programu, hivyo inatafuta /bin/bash yenye kimkia kisichoonekana, haiipati, na skripti inakufa kabla ya amri ya kwanza. Kwenye terminali utaona malalamiko yenye ^M mwishoni. Kwa kuendesha kimyakimya hutaona chochote, na utadhani programu ya mafaili ndiyo mbovu. Amri ya sed -i 's/\r$//' ikifuatiwa na jina la faili inamaliza tatizo.

Jambo la tatu ni folda. Skripti iliyoandikwa kwa kudhani kwamba inaendeshwa ndani ya folda yake inaweza kujikuta mahali pengine kabisa, kwa kuwa anayeianzisha ndiye anayechagua folda ya kuanzia. Kwa skripti ya kupunguza PDF hilo ni usumbufu tu. Kwa skripti inayofuta, ni janga. Futa-za-wateja.sh imeandikiwa njia kamili ya folda ya wateja, haifuti kitu nje ya hapo, na kabla ya kufuta inamtaka mhudumu aandike neno FUTA kwa herufi kubwa. Uzuri wa sharti hilo ni kwamba linafanya kazi hata kwenye programu iliyopangwa vibaya: skripti ikiendeshwa bila terminali hakuna wa kuandika neno, jibu linakuwa tupu, na inaishia hapo bila kugusa faili lolote. Kinga iliyomo ndani ya skripti haiulizi Nemo wala Dolphin imeamua nini.

Na kwa skripti yenye msaada nimeona kwamba swali lenyewe la kubofya mara mbili linaweza kuondolewa. Nautilus na Nemo zote zina folda maalumu ya skripti, kwa Nemo ikiwa ~/.local/share/nemo/scripts, na skripti yenye ruhusa ikiwekwa humo hujitokeza kwenye menyu ya kitufe cha kulia. Mhudumu anachagua vyeti vilivyoskaniwa, anabofya kulia, anachagua jina la skripti, na programu inaikabidhi skripti orodha ya mafaili yaliyochaguliwa. Thunar ina njia yake ya vitendo maalumu, inayohaririwa kwenye dirisha la kawaida bila kuandika faili lolote la mipangilio. Mhudumu wa Ngarenaro sasa hupunguza vyeti vya kundi zima la wanafunzi kwa namna hiyo wakati wenyewe wanatafuta chenji, na hajawahi kuiona sura ya skripti yenyewe. Folda yake pia imejitenga na flashi: kilicholetwa na mteja hakiwezi kuingia kwenye menyu ile bila mtu kukihamishia humo kwa mkono wake.

Kwa hiyo, kwa mwenye duka la Arusha au Moshi anayeuliza aweke nini: mashine yenye GB 8 za kumbukumbu au zaidi, Ubuntu na Nautilus kama ilivyo, bila kugusa kitu. Mashine ya kawaida ambayo wahudumu wake wamekulia kwenye Windows, Mint na Nemo, na mpangilio wa kuonyesha uwekwe siku hiyohiyo ya kusakinisha. Mashine kongwe, Xfce na Thunar. Dolphin ningeiacha kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake nyumbani, mpaka kidirisha chake kitakapoongezewa kitufe cha terminali. Na waandishi wa Nemo nawaomba jambo moja: faili likiwa ndani ya flashi isiyoweza kuhifadhi ruhusa, wasiulize kabisa, walifungue tu lisomwe. Programu tayari inajua diski ile ni ya mfumo gani. Inao ujuzi huo mkononi na haiutumii.